Baba anataka Prado, mafuta nalipia mimi

SWALI

Assalamu alaykum Bi Mkubwa, na shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 25, nakaa Wete, Pemba, na wazee wangu. Nasomesha skuli ya sekondari Chake Chake, huu mwaka wa pili. Leseni nilipata mwaka jana, na tangu hapo mimi ndiye dereva wa nyumba. Asubuhi kazini, mchana narudi, jioni nikiambiwa kuna arusi Mtambwe au hitima Konde, nachukua funguo. Kaka yangu mkubwa yuko Unguja na mdogo wangu wa kiume bado yuko skuli. Baba anajua kuendesha, ila jicho lake moja limefanya mtoto wa jicho, na usiku hashiki tena usukani.

Gari yetu ni Mark II ya zamani, cc 2,000. Imechoka. Inatoa moshi wa buluu, oili inapungua kila wiki, na fundi ametwambia wazi tusiendelee kuitia pesa. Msimu huu karafuu zimekubali, alhamdulillahi. Tumechambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, mimi na mama mpaka vidole vikabadilika rangi. Baba amekwisha kuuza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na ameamua fungu kubwa la pesa hiyo linunue gari. Anataka Prado ya petroli, gari kubwa ya cc 2,700. Mimi nataka IST, gari ndogo ya cc 1,300.

Nikaona bora nimpigie hesabu. Wete hadi Chake Chake ni kama kilomita 30, kwenda na kurudi 60, kwa siku 22 za kazi ni kilomita 1,320 kwa mwezi. Dalali mmoja aliniambia IST inakwenda kilomita 20 kwa lita na Prado 5 tu. Nikaweka lita shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. IST ikatoka 198,000 kwa mwezi, Prado 792,000. Nikaenda kumuonesha kwenye simu, amekaa barazani na ami na wageni wawili. Aliitazama simu, akanyamaza, kisha akasema: "Kwa hivyo mimi niuze karafuu ninunue kijaluba?" Wageni wakacheka, IST imekuwa kisanduku kidogo. Tangu siku hiyo habari ya gari haizungumzi na mimi, anampa mama anifikishie.

Mama mwenyewe hana upande. Mwaka jana usiku mmoja alishikwa na maumivu makali ya tumbo, Mark II ikakataa kuwaka, tukampakia kwenye gari ndogo ya jirani amejikunja kama kamba mpaka hospitali. Baba husema hilo halitorudia nyumbani kwake. Kaka ananiambia kwa simu niache, pesa ni ya mzee.

Lakini mafuta nalipia mimi, Bi Mkubwa, kutoka mshahara wangu wa mwalimu, na baba analijua hilo. Halafu posa yangu nayo imeshapokewa, mwanamme ni wa Chake, na arusi inshaallah itakuwa Mfungo Mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani, kwa hivyo nina mambo mengi ya kujiwekea. Nimwambie vipi baba akubali gari isiyokula mafuta, bila ya kuonekana nimekosa adabu?

Binti wa Wete

JIBU

Waalaykumu salaam, marahaba mwanangu. Na hongera kwa posa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu linarudi pale kwenye posa, uliyoipitisha mwishoni kama mtu anayetaja mvua. Mwanamme ni wa Chake. Skuli yako iko Chake. Ukishaolewa utaamka Chake, na zile kilomita 60 za kila siku hazitakuwepo tena. Hesabu yote uliyomuonesha baba'ako imesimama juu ya safari ambayo baada ya Mfungo Mosi hakuna wa kuisafiri. Wewe hukuliona hilo kwa sababu umo ndani ya safari yenyewe. Yeye, naamini, ameliona mapema. Mzee aliyekwisha kupokea posa ya binti yake anajua nani atakuwa amekaa nyumbani kwake mwakani na nani hatokuwepo.

Sasa sikiliza tena ulivyomwambia, kwa masikio yake. Binti anayeondoka anamchagulia gari ndogo, inayolingana na mshahara wake na safari zake. Pesa ni ya karafuu, za mikarafuu aliyoipalilia yeye. Sikwambii ulikusudia hivyo, najua hukukusudia. Lakini neno kijaluba halikutoka kwa mtu asiyejua hesabu. Limetoka kwa mtu anayejiuliza: gari hii ni ya nyumba au ni ya huyu mtoto, aondoke nayo?

Kwa hivyo kabla ya IST na kabla ya Prado, kuna swali hilo la kuulizwa, na wewe ndiye wa kuliuliza. Gari ni ya nani, na kadi itaandikwa jina la nani? Wewe mwenyewe mwambie kwamba ni ya nyumba na itabaki Wete, nawe ukiolewa utapanda daladala au mumeo atajua la kufanya. Kama rohoni mwako ulikuwa unaitaka iwe yako, basi hilo ni ombi jengine kabisa, na uliombe kwa jina lake.

Ila kabla ya yote, muombe radhi kwa siku ile ya barazani. Baba hasahihishwi mbele ya wageni, hata kwa hesabu iliyo sawa. Msubiri usiku, ameshaswali Isha na kahawa yake iko mkononi, mkae wawili, simu yako uiache chumbani. Usimtangulize ami. Ami mwenyewe alikuwepo siku ile, na baba akimuona anakuja na maneno yako atajua mmekutana nyuma yake.

Halafu hesabu yenyewe, mwanangu, haikuwa sawa.

Wewe ni mtoto wa karafuu, kwa hivyo nitakwambia kwa karafuu. Mchumaji anapima pishi zake mbichi, lakini baba halipwi mpaka zilale juani majamvini, zikauke, zipande mizani. Kilo tatu mbichi hubaki kama kilo moja kavu. Ile 20 ya dalali ni karafuu mbichi. Namba za namna ile hutoka kwenye vipimo vya kiwandani Japani, ambako gari huzungushwa magurudumu juu ya rola ndani ya jengo, haina mzigo, kiyoyozi kimezimwa, hakuna kilima wala shimo. Barabarani kwetu, IST ya cc 1,300 iliyo nzima huenda kilomita 12 hadi 15 kwa lita. Na hiyo 5 ya Prado dalali kaionea. Ya petroli cc 2,700 huenda 7 hadi 9 ikiwa na afya.

Chukua 13 na 8, lita ibaki 3,000 kama ulivyoweka. Kwa kilomita zako 1,320, IST itakula karibu 305,000 na Prado 495,000. Tofauti ni kama 190,000 kwa mwezi. Si ndogo kwa mshahara wa mwalimu, lakini wewe ulimpelekea tofauti ya 594,000. Anayekaa barazani na watu wenye magari alijua mara moja kwamba hapa pametiwa chumvi, na ukikamatwa na chumvi kwenye namba moja, zilizobaki nazo hazisikilizwi.

Sasa fanya hesabu ya nyumba bila ya wewe. Tufanye baba atembee kilomita 400 kwa mwezi, shamba, sokoni, arusi na maziko. Prado itakula 150,000, IST kama 92,000. Tofauti imeshuka hadi 58,000. Nakwambia kweli kwa sababu baba'ako atakwambia hivyo hivyo: kwa kilomita hizo, mafuta peke yake hayatoshi kumgeuza mtu anayeitaka Prado.

Linalotosha, kwa maoni yangu, ni jengine. Prado ya kuaminika ni ghali mara kadhaa kuliko IST, na tairi zake, breki zake na spea zake zinalingana na ukubwa wake. Itakula fungu lote. Na mkarafuu, yeye anaujua kuliko mimi na wewe, ukizaa sana msimu huu hupumzika unaofuata. Mwakani karafuu zikiwa haba, wewe uko kwa mumeo, mdogo wako yuko skuli, nani ataitia mafuta? Bei za mafuta nazo ZURA, mamlaka ya nishati ya Zanzibar, hutangaza mpya kila mwezi, na hakuna aliyesahau zilivyopanda mwaka 2022. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Haya nayasema kwa uchungu. Mimi na marehemu mume wangu tulinunua gari kubwa ya petroli mwaka tuliopata pesa ya kiwanja. Miezi mitano tulitembea kama wafalme. Mwezi wa sita ikaegeshwa chini ya mwembe, tukawa tunaiwasha Ijumaa kwa Ijumaa ili betri isife. Majani ya mwembe yalijaa kwenye mfereji wa kioo cha mbele, maji ya mvua yakaingia ndani, zulia likaoza. Siku mtoto wetu alipoumwa, tulikodi teksi, na gari tunayo uani, tangi halina hata lita mbili.

Kwa hivyo usimwambie baba kwamba Prado inakula mafuta. Muulize: "Baba, nikishaondoka, nani ataitia mafuta?" Kisha nyamaza, umuache ajibu. Hilo si swali la kumtega. Mtoto anayejali nyumba yake ana haki ya kuliuliza, na namna utakavyolitamka atajua kama unajali nyumba au unajali IST.

Na umpe kipimo chake mwenyewe. Mark II bado inatembea, itumie. Nendeni sheli pamoja, mjaze tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, lisiongezewe hata tone. Baba aandike kilomita zilizopo kwenye dashibodi, katika daftari lile lile analoandikia kilo zake za karafuu. Endesha wiki moja kama kawaida. Rudini sheli ile ile, pampu ile ile, mjaze tena mpaka ijikate, muandike lita zilizoingia. Kilomita mlizotembea mzigawe kwa lita hizo. Mara mbili au tatu, mtapata namba isiyo ya dalali. Kalamu ashike yeye. Kisha amuombe mwenzake wa barazani mwenye Prado, maana naamini yupo, afanye vivyo hivyo kwa wiki. Wanaume wa baraza moja hawanyimani hilo.

Nikwambie pia habari ya vilima, kwa sababu Pemba si Unguja, na ushauri mwingi wa magari umeandikwa kwa watu wa tambarare. Ukisikia injini ndogo haili mafuta, usikimbilie iliyo ndogo kuliko zote. Passo ya cc 1,000 ikiwa na mtu mmoja ni sawa, lakini mtie watu wazima watano na gunia, uipandishe kilima, utaikanyaga mpaka chini na itakunywa kuliko ulivyotarajia. Kwa nyumba yenu nisingeshuka chini ya cc 1,300. Na kwenye mteremko acha ile tabia ya kutia nyutro nnayoiona kwa vijana. Injini za kisasa, ukiondoa mguu kwenye mafuta gari ikiwa ndani ya gia, hukata petroli zenyewe. Ukitia nyutro inabidi iendelee kunywa kidogo ili isizime, na breki zako umezibebesha kazi yote.

Haibridi, gari ya petroli na umeme kama Aqua, hunusa mafuta tu, na kwenye vilima breki zake huirudishia betri umeme. Lakini betri kubwa ile ikifa ni pesa nyingi, na hakikisheni kwanza kwamba kuna fundi Pemba anayeijua, si wa kubahatisha. Kama jibu ni kuipandisha meli kila ikiumwa, muiache.

Linalobaki ni ule usiku wa mama, nalo usilipitie haraka. Baba'ako alimuona mkewe amejikunja kwenye siti ya gari ndogo ya watu, na yake imekataa kuwaka. Anaposema Prado, mimi nasikia anasema hivyo. Katika mtaa wenye gari chache, gari ya mtu ni ya wagonjwa wa majirani wote, na nafasi ya kumlaza mtu ni haja ya kweli. Usimjibu kwa mafuta. Mjibu kwa nafasi.

Tazameni Probox ya cc 1,500: viti vya nyuma vinalala, mtu mzima anajinyoosha, magunia yanakaa, na ulaji wake hauko mbali na wa IST. Haina sura ya kujivunia, nakiri, na kwa baba'ako sura ina uzito. Basi tazameni Rush. Ni cc 1,500, tumbo lake liko juu ya ardhi kuliko la IST, zipo za kuvuta magurudumu manne kwa njia ya shamba wakati wa masika, na ukiiona inakuja inasimama kama gari ya mzee. Itakula zaidi ya IST, tia kilomita 10 au 11 kwa lita, lakini si Prado. Kama ningekuwa mimi ndiye ninayenunua kwa nyumba yenu, ningeanzia hapo, na wewe ungekubali kuiachia IST yako.

Popote mtakapoitazama, baba aende na fundi wenu yule yule aliyewaambia ukweli wa Mark II. Iwashwe asubuhi injini ikiwa baridi, mtazame moshi. Namba ya kilomita kwenye dashibodi msiiamini peke yake, tazameni na usukani ulivyolika, pedali ya breki na kiti cha dereva. Gari inayosema kilomita 60,000 na raba ya pedali imekwisha, namba yake imerudishwa nyuma.

Na jicho, mwanangu. Katika barua nzima yenye hesabu nyingi hivi, umelitaja jicho la baba mara moja. Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji mdogo, na wengi hurudi nyumbani siku ile ile. Wewe ukiondoka, dereva wa usiku wa nyumba ile ni yeye. Mdogo wako hata leseni hana. Mama akishikwa tena usiku wa manane, iwe Prado iwe Rush, nani atakayeshika usukani? Fungu la kwanza la pesa ya karafuu, kabla ya gari yoyote, ningemuomba aliweke kwa safari ya kitengo cha macho, na wewe ndiye umpeleke, kwa Mark II hiyo hiyo na moshi wake. Njiani mtakuwa na nusu saa wawili peke yenu. Anza na radhi.

Mafuta ya miezi iliyobaki mpaka arusi endelea kuyalipa bila kuyataja. Na mkishajaza tangi la tatu, niandikie namba aliyoiandika baba kwenye daftari lake.